Kibuyu cha Mama Nilichokitundika Ukutani

Nilimshindisha mama yangu njaa, nyumbani mwangu Kericho, friji ikiwa imejaa. Naficha jina kwa sababu wanafunzi wangu wakijua watanicheka, na watakuwa na haki.

Mama alikuwa ametoka kuugua tumbo kwa muda mrefu. Nikamtoa kwake Mogogosiek, alikokuwa akichuma chai, ili nimtunze. Mimi ni msomi, kwa hiyo nikasoma. Nikajua kwamba protini ikishameng'enywa hutoa amino asidi, na kwamba hizo ndizo zinazojenga ukuta wa utumbo na kinga ya mwili. Hayo ni kweli. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Nikanunua kopo la unga wa amino asidi, wa kukorogwa na maji. Mayai, maharagwe, hata ugali, nikampunguzia mpaka vijiko. Nikamwambia tumbo lipumzike.

Dada yangu Chebet akaleta mursik, maziwa yetu yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani. Kibuyu kilikuwa cha mama mwenyewe. Mursik nikaimwaga, eti ina vijidudu! Kibuyu nikakisugua kwa sabuni, nikakitundika sebuleni kama pambo. Wageni walikisifu. Mama alikitazama huku akinywa unga wake.

Akakonda. Kisha kikohozi kikamshika, kikakataa kutoka, akalazwa.

Daktari akauliza anakula nini. Nikamtajia amino asidi moja moja, kwa majina yake.

"Nimeuliza chakula," akasema.

Akanieleza kwamba mwili wenye njaa huzichoma hizo amino asidi kama kuni, na misuli pia, na kinga hubaki mikono mitupu. Mama alihitaji mayai, maharagwe, ugali wa kutosha. Na kwa kuwa tumbo lilishatulia, hata mursik ya kibuyu safi haikuwa adui.

"Usimkemee, daktari," mama akasema kutoka kitandani. "Huyu amesoma sana."

Ole wangu!

Amepona, lakini kuchuma chai hawezi tena. Anaishi kwa Chebet. Nikienda kumwona nakuta ameshakula; anahakikisha amemaliza kabla sijafika. Kibuyu alikichukua, ingawa harufu ya sabuni imegoma kutoka na maziwa yanaharibikia humo.

Wewe mwenye mgonjwa na simu yenye intaneti, soma, lakini kwanza mpikie. Keti naye mpaka sahani iishe. Mimi nimebaki na msumari ukutani, na nusu kopo la unga.