Kifaa cha Binti wa Kaka

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, mzee wanayemwita Setilaiti hutoa kifaa kimoja cha GPS kwenye kabati la kioo, hupitia mlango wa nyuma na kwenda kusimama nacho kando ya barabara. Hukishika wima kifuani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kikishanasa mawimbi ya angani, husoma namba za mahali alipo kwa sauti, taratibu, kisha hukirudisha kabatini. Kesho yake hutoka na kingine. Mama anayeuza chai upande wa pili haachi kumuuliza kama duka bado liko pale lilipokuwa jana. Yeye humjibu kwamba duka lipo, ila meza ya chai inaonekana imesogea, na pengine ni kwa uzito wa mwenye meza. Watu hucheka. Yeye huingia ndani bila kucheka.

Duka lenyewe ni jembamba kama korido. Viatu vya kupandia milima vinaning'inia darini kwa kamba zake, tochi za kichwani zimepangwa karibu na kalamu na betri, na hewa yote inanuka raba mpya na mafuta ya ngozi. Hapo ndipo alipojificha tangu kaka yake afe. Kabla ya hapo walikuwa wawili, kaka mbele na yeye nyuma, wakiongoza watembezi na wawindaji wenye vibali katika misitu ya juu. Siku hizi anawauzia watu vitu vya kupandia mlima ambao yeye mwenyewe hataki hata kuutazama. Dirisha la nyuma linaloelekea huko amelipanga maboksi hadi juu.

Ijumaa moja, saa za mchana, binti wa kaka yake aliingia akiwa tayari amevaa viatu vya safari. Setilaiti alijua atakuja. Asubuhi ile mama yake binti alikuwa amempigia simu na kumweleza yote: kwamba msichana amepata kazi ile ile ya baba yake, kwamba Jumatatu anapanda na kundi la wawindaji wa nguruwe, kwamba ameshauriwa na amekataa kushaurika. Shemeji hakulia. Alisema tu kwamba ameshazika mmoja, na akamwomba, binti akija, amwambie vifaa vimekwisha. Naye Setilaiti alikubali.

Kwa hiyo binti alipomwamkia na kusema shida yake, mzee alimjibu kwamba vimekwisha.

Binti alilitazama kabati lililojaa. "Baba mdogo, mbona naviona?"

"Hivyo vina wenyewe."

"Vyote?"

Mzee akajifanya anafuta kioo. Binti hakugombana naye. Alisema basi si neno, atapanda na simu yake, kwani nayo ina ramani. Hakuyasema kwa kutishia. Alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni. Na hapo ndipo mzee alipokwama. Akimpa kifaa, amevunja ahadi na amemfungulia njia. Akimnyima, atapanda hivyo hivyo, na simu inayozimika kwa baridi mfukoni. Mwishowe akatoa ufunguo wa kabati na kumwambia arudi aketi, na avue huo mkoba, maana anamchosha kumwangalia.

Binti alikuwa na chaguo lake tayari: kile kikubwa chenye kioo cha kugusa, kinachong'aa kama simu ya bei mbaya. Mzee hakumpinga. Alimpa glavu nene avae, akazimwagia maji ya chupa, akamwambia aitafute njia ya kurudi alikotoka. Ramani ikaanza kurukaruka, mara imevutika, mara imejifunga. Binti aliivua glavu kwa meno na kujaribu kwa kidole chenye maji. Ikawa vile vile. Mzee alimwambia kwamba kule juu mvua ikianza haiulizi mtu, na betri ya kifaa hicho imefungiwa ndani, ikiisha itambidi autafute mti wenye soketi.

Cha pili kilikuwa cha wawindaji, kinachopokea mawimbi kutoka kwenye mkanda wa shingoni mwa mbwa, ili ujue mbwa wako kamfukuzia wapi mnyama.

"Una mbwa?" mzee aliuliza.

"Sina."

"Basi unanunua mkanda wa mbwa hewa."

Binti alicheka, na kwa mara ya kwanza siku ile mzee naye alilegea kidogo. Cha tatu kilikuwa chepesi na cha bei nafuu, lakini alimtoa nacho hadi chini ya bati la kibaraza cha nyuma na kumwachia akishike. Walisubiri. Kiliwasubirisha mpaka binti mwenyewe akakirudisha bila kuambiwa. Kama bati tu linakishinda, chini ya miti iliyofumana kingefanya nini?

Kikabaki kinene cheusi chenye vitufe vigumu na kioo kidogo, kinachotumia betri za kawaida zinazouzwa kila kibanda. Binti alisema kinafanana na rimoti ya televisheni ya zamani. Mzee akamwambia ndiyo, na rimoti hizo bado zinafanya kazi.

Lakini hakumpa bado. Alimkabidhi kifaa na redio moja ya mkononi, akabaki na redio ya pili, akamwambia aende hadi mwisho wa uchochoro, akae chini, ajifanye amevunjika mguu, aombe msaada. Binti alienda. Sauti yake ikaja redioni, safi, ikisoma tarakimu moja baada ya nyingine mpaka mwisho.

Mzee alibonyeza kitufe. "Umeshakufa," alisema. "Rudi."

Binti aliporudi, mzee alimkalisha kwenye kibao cha kujaribia viatu na kumweleza jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa ukilitaja kwa kulizungukazunguka. Vifaa hivi havionyeshi mahali kwa namna moja. Kimoja hutoa dakika na sekunde, kingine dakika na desimali, na anayekitumia ndiye anayechagua. Ukisoma tarakimu tupu redioni, masikioni ni zile zile. Kwenye ramani si pale pale. Kaka alianguka gengeni akasoma tarakimu zake kama alivyozoea, za sekunde. Mpokeaji wa redio katika kituo cha waokoaji alizipokea na kuziingiza kwenye kifaa chake kama alivyozoea, za desimali. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu wote walikuwa wazoefu, na mzoefu kumuuliza mzoefu mwenzake jambo dogo namna hiyo ni kama kumtukana. Tofauti haikuwa kubwa. Ilitosha kuwapeleka upande wa pili wa korongo, na huko wakatafuta kila kichaka, wakiita, huku mvua ikinyesha na redio ya kaka ikififia. Walipokuja kugundua, hakuwa wa kuitwa tena.

Binti alisikiliza akiwa amekiweka kifaa mapajani. Aliinuka, akarudi mwisho wa uchochoro, akasoma upya. Safari hii alianza kwa kusema ni dakika na desimali, akataja nukta mahali pake, akamtaka anayepokea azirudie. Mzee alizirudia. Binti akamsahihisha tarakimu moja ambayo mzee aliibadilisha makusudi. Mzee akamwambia arudi ndani.

Simu ya mzee iliita wakati anaweka betri. Alilitazama jina, akaiacha iite, kisha akaipokea. Shemeji aliuliza kama binti amefika.

"Amefika, shemeji. Nimempa."

Mzee alianza kusema kwamba angepanda na simu tupu, kwamba hakukuwa na namna, kisha akatambua kwamba anaongea peke yake. Simu ilikuwa imeshakatwa. Aliiweka kaunta, kioo chini. Shemeji hakuwa mtu wa kukata simu, na mzee alijua kwamba Jumapili hataitwa mezani kwake, wala Jumapili ya baadaye, na jambo likiharibika huko juu, hataitwa tena kabisa.

Alifunga kamba kwenye kifaa, akaivuta mara mbili kuona kama itahimili, akafungia betri za akiba kwenye mfuko wa nailoni. Binti alikivaa shingoni na kukiingiza ndani ya koti. Aliuchukua mkoba wake, akafika mlangoni, kisha akasimama bila kugeuka vizuri.

"Baba mdogo, angekuwa na hiki, baba angepona?"

"Hapana," mzee alisema. "Alikuwa nacho hiki hiki."