Kiti cha Bi Merle Nyuma ya Trela

"Bi Merle, mbona tunakaa huku kwenye magari, na mbwa wanashindana kule?"

Nilikuwa na miaka tisa. Bi Merle Trenowden, jirani yetu hapa mjini Kadina, alikuwa amefungua kiti chake cha kukunja nyuma ya trela za wafugaji wa mbwa. Akajimiminia chai. "Miguu inauma. Kaa."

Mbwa wake wa zamani alikuwa amekufa. Alitaka korgi mmoja tu, wale mbwa wa miguu mifupi, awe wa mwisho, na yeye hana mtoto wala ndugu wa kumwachia. Basi akawa anazunguka maonyesho ya mbwa, mji hadi mji, kwenye vumbi na nzi, akitafuta mfugaji wa kununua kwake. Mimi nilimfuata kwa ajili ya kuona mbwa, nikawa naona matairi.

Des Pascoe, mfugaji aliyezoea kushinda, alipita na utepe wake wa buluu. "Bi Merle, leo tena? Utanunua lini, au umefuata keki?"

"Keki zenu zimenivunja jino, Des. Pita."

Kisha siku moja korgi wa Des akashindwa. Des alimrudisha akimburuta, akamsukumia kizimbani bila maji, akaenda kupiga soga na waamuzi. Bi Merle akamwaga chai iliyobaki. "Huyo hapana," akasema, akakunja kiti. Tukaenda mji mwingine. Na mwingine.

Mwishowe tukamwona mfugaji mwingine, Lorna Heddle. Korgi wake alikuwa ameketi mbele ya mwamuzi akagoma kutembea, uwanja mzima ukacheka. Lorna alirudi naye, akakaa chini kwenye majani makavu, akamgawia soseji iliyokuwa ndani ya mkate wake. "Umeniaibisha, mzee. Kula."

Bi Merle akainuka, akajikokota hadi kwake.

Siku Bi Merle alipomchukua korgi wake mpya, Tansy, Lorna alimwambia, "Ukishindwa naye, hata akizeeka, anarudi kwangu."

"Bado sijashindwa," akajibu Bi Merle.

Miaka imepita, na Tansy amezeeka. Jumamosi iliyopita Bi Merle alikuwa anahamia makao ya wazee, na kule mbwa hawaruhusiwi. Lorna alifika kama alivyoahidi, hakugonga hata mlango. Alikaa chini kibarazani na suruali yake nzuri, akafungua soseji. Tansy akamlalia mapajani.

Bi Merle aliegemea fremu ya mlango, macho yamechoka.

"Uliwahi kuniuliza mbona tunakaa nyuma," akaniambia. "Kule mbele kila mtu anampenda mbwa wake. Mimi nilitaka kujua mbwa akirudi huku nyuma atapokelewaje."