Lozi za Eleuterio Katika Supu ya Fuensanta

Mara ya tano Eleuterio alipochovya ncha ya kijiko kwenye bakuli, akalamba na kukirudisha mezani, Encarna alilijua jibu kabla halijamtoka baba yake mdomoni.

"Nzuri," alisema mzee. "Ila siyo yenyewe."

"Imekosa nini, baba?"

"Ningejua si ningekuambia."

Tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo mwezi wa tano, kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake. Nyama chuma, mayai chuma, hata divai. Kitu kimoja tu alikitamani, tena alikitaja kwa jina kila asubuhi: supu baridi ya lozi ya Fuensanta, aliyekuwa na mkahawa kwenye kona ya barabara ya kushukia pwani. Kwa miaka thelathini, kila Septemba, Eleuterio alisimama pale na magunia ya lozi zake, akamwuzia Fuensanta mawili, kisha akaketi kivulini na kupiga mabakuli matatu huku akiwatangazia madereva kwamba wanakunywa jasho lake.

Mkahawa ulikuwa umefungwa miaka kumi na minne iliyopita. Siku hizi pale wanauza dawa za mabwawa ya kuogelea.

Piedad, muuguzi wa zahanati ya kijiji, hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Alikuwa amempima mzee, akaandika kilo hamsini na tatu, akamvuta Encarna mlangoni. "Nitarudi tarehe mosi Agosti. Asipofika hamsini na tano, anapelekwa hospitali ya mjini awekewe mpira wa kulishia. Sitaweza kuwazuia madaktari." Mama yake Encarna alipelekwa hospitali hiyohiyo ya mjini kwa kikohozi tu, na alirudi ndani ya sanduku. Baada ya upasuaji Eleuterio alikuwa ameapa hatoki tena nyumbani kwake akiwa hai, naye ni katika wale watu ambao wakiapa wameapa. Zilibaki wiki tatu.

Basi Encarna alijaribu. Alitumia lozi bora za baba yake, zile za mteremko wa juu, akazimenya moja moja mpaka kucha zikamuuma. Alisaga kwa blenda, akatwanga kwa kinu. Alipunguza saumu, akaongeza siki, akabadilisha mkate, akateka maji ya kisimani. Kila supu ilitoka nyeupe na laini, majirani wakaisifu na kuimaliza wao. Mzee alibaki na kijiko chake.

Alikuwa akinunua mkate wa sita alipomwambia mwokaji kwamba laiti marehemu Fuensanta angekuwepo.

"Marehemu?" Mwokaji aliacha kufunga mkate. "Nani kamuua? Juzi tu kanipigia simu kunigombeza eti biskuti nilizomtumia ni ngumu. Anaishi pwani kwa mpwa wake."

Kesho yake asubuhi Encarna alishuka pwani kwa basi. Alimkuta Fuensanta kwenye baraza ya ghorofa ya nne, ana miaka themanini na minane, anacheza karata peke yake na kujiibia.

"Wewe ndiye binti wa Eleuterio wa milozi," alisema bibi huyo baada ya kumtazama sana. "Una pua yake, pole. Bado anaringa?"

"Hali chakula, bibi. Anataka supu yako. Nimeipika mara tano kwa lozi zake, kila mara ananiambia siyo."

Fuensanta aliweka karata chini. Alianza kutikisika mabega, na Encarna akadhani analia, kumbe anacheka mpaka meno ya bandia yanataka kutoka.

"Lozi zake? Mwanangu, lozi zake mimi nilikuwa nawauzia watu wa peremende kabla vumbi la gari lake halijatulia. Nani angesaga mali ile awape madereva wa malori? Supu yangu ni ya maharage. Maharage mapana makavu, yale ya kulishia nyumbu."

Encarna alivuta kiti akaketi. Baba yake alizaliwa miaka ya njaa. Utoto wake wote alikula supu ya unga wa maharage hayo, mchana na jioni, akaona aibu hata ya kuitaja. Alipopata shamba lake mwenyewe aliapa, ndiyo, aliapa, kwamba maharage hayataingia tena nyumbani kwake. Na hayakuingia. Kwa nchi yenye milozi kila upande, nani angewaza kuyatafuta kwenye bakuli?

"Loweka usiku kucha, menya, kausha, kaanga kidogo sana," alisema Fuensanta, sasa akihesabu kwa vidole. "Twanga na saumu, mkate, mafuta, siki. Halafu lozi tatu chungu, za ule mti wa porini kando ya barabara. Tatu, si nne. Hizo ndizo zilizokuwa zinampumbaza baba yako. Na usimwambie. Mwache mzee wa watu na sifa zake."

Encarna alinunua maharage hukohuko pwani, asionekane na mtu wa kijijini, akayaloweka ndani ya ndoo ya sabuni chini ya sinki. Kesho yake mchana aliweka bakuli mbele ya baba yake, na zabibu tano zikielea juu.

Eleuterio alichovya ncha ya kijiko. Akalamba. Akachovya tena, safari hii kijiko kizima, kisha akakiacha kijiko na kulinyanyua bakuli kwa mikono miwili. Alipolishusha alikuwa na masharubu meupe.

"Si nilikuambia?" alisema. "Umetumia za mteremko wa juu hatimaye. Lozi za zile supu tano za kwanza sijui ulizitoa duka gani. Leta mkate."

Encarna alileta mkate, akaenda chooni, akafungulia bomba na kulia kwa raha mpaka akatosheka.

Tarehe mosi Agosti Piedad alimpandisha mzee kwenye mizani, akaisoma, akamshusha, akampandisha tena. Hamsini na sita na nusu. "Unakula nini, mzee Eleuterio?"

"Lozi zangu. Encarna, mpe na yeye aonje kitu cha maana."

Piedad alipewa bakuli. Alikunywa funda moja, akalitazama bakuli. Alikuwa amelelewa na bibi yake, mwanamke wa miaka ileile ya njaa, na ulimi haudanganyiki kwa lozi tatu. Alimtazama Encarna kando ya sinki. Encarna alimtazama, na kwa mguu aliisukuma ndoo ya sabuni ndani zaidi.

"Lozi hasa," alisema Piedad, akaandika uzito kwenye karatasi na kuchana ile ya kwenda mjini. "Mteremko upi huo, mzee?"

"Wa juu," alisema Eleuterio, akaanza kumsimulia mti mmoja mmoja.