Sala Iliyonishinda Mezani

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu Tusajigwe, mvua ilikuwa inanyesha Kinyala, ingawa hilo si habari, maana huku kwetu mvua haihitaji sababu. Nimeikumbuka baada ya kusoma ujumbe wako. Ulikuwa kimya hata nikadhani unaumwa. Simu hupokei, na baba yako kila jioni ananiuliza, "Dada, mtoto amekwambia nini?" Kumbe ulikuwa unaogopa. Umeniandikia, "Shangazi, siwezi tena kuomba. Krismasi nisije?" Nimecheka peke yangu jikoni huku machozi yananitoka. Mtoto mzima wa afya, mwenye maswali, huyo naweza kumpokea. Nimepumua.

Nilikuwa na umri kama wako, nasoma chuo cha ualimu. Tulikuwa na mkufunzi mmoja kijana, mkarimu, asiyependa unafiki, nami nilimheshimu kwa hilo. Alitufundisha kwamba Mungu alitungwa na watu wenye njaa na hofu. Nilijaribu kumpinga, nikakuta majibu yangu yote ni yale ya kukariri niliyopewa darasa la kipaimara. Mwishowe nikaacha kupinga. Nilirudi likizo nikiwa siamini kitu, na hakuna aliyejua.

Sasa, desturi ya nyumba yetu unaijua. Mtoto akirudi kutoka masomoni, mlo wa kwanza ni yeye anayeuombea, na wote wananyamaza kumsikiliza amekuaje. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa. Miezi michache kabla, kijana mmoja wa jirani alifukuzwa na baba yake kwa kusema maneno kama yaliyokuwa moyoni mwangu, akaondoka na begi lake mchana kweupe. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa najiuliza kama nami nitabaki na kwetu.

Babu alikuwa ametoa mbuzi. Wa kumchinja alikuwa rafiki yake, Mzee Athumani, mwenye bucha kule Bulyaga, Mwislamu wa swala tano. Nyumbani kwetu mnyama wa shughuli alichinjwa na Athumani siku zote, ili majirani Waislamu nao wale bila wasiwasi. Msharika mmoja aliwahi kumlaumu babu kwa hilo. Babu akamwuliza, "Ulitaka nipike nyama ya kuwafukuza wageni?" Yule bwana alikula, na nakumbuka aliongezewa.

Tukakaa, Athumani naye. Sinia la mbalaga, ndizi zetu zilizopikwa na nyama, lilikuwa linatoa mvuke katikati yetu. Babu akavua kofia. "Haya, mwalimu wetu, tuombee."

Nikafumba macho. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, kwa kuwa maneno ya sala ninayo tangu utoto. Hayakutoka. Nikasikia sauti yangu inamwambia baba yangu, "Tata, siwezi. Siamini tena kama kuna anayesikia."

Bibi yako akaweka bakuli chini. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni. Babu akafumba macho yeye, akamwita Mungu kwa lugha ya kwetu. "Ee Kyala, mwanangu anasema hakuna anayesikia. Wewe msikie. Amina." Akafumbua. "Kuleni, ndizi zinapoa."

Basi, ikawa hivyo tu! Nilikula sana, nalia nakula, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Baada ya chakula ndipo mazungumzo yakaanza. Sisi Wanyakyusa tuna ukwangala, watu kukaa pamoja, kula na kuzungumza kwa kufurahiana, na wazee wanasema akili ya mtu inapatikana hapo. Babu na Athumani walibishana juu ya dini tangu ujana wao, na ubishi wao ulikuwa na sharti moja. Humjibu mwenzako mpaka uyaseme mawazo yake, naye akubali kwamba ndiyo yake.

"Athumani anasema Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa," babu akaniambia, "na ukimwita mtu Mungu umemshusha Mungu. Nimekosea?"

"Hujakosea, Baba Ambakisye," Athumani akamwambia babu. "Nawe unasema hakuna mtu aliyepandishwa. Mungu mwenyewe ndiye aliyeshuka, kwa kutupenda. Mimi silikubali, lakini ndilo unalosema."

"Ndilo." Babu akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, unasema watu wenye njaa na hofu walijitungia Mungu ili wapate usingizi. Nimekosea?"

Nikasema hakukosea. Sikuwahi kuyasikia mawazo yangu yakisemwa kwa heshima namna ile.

"Basi sikia. Njaa yangu inaeleza kwa nini natafuta ndizi. Haisemi kama ndizi zipo au hazipo, hilo mpaka uende shambani ukaangalie. Halafu, kama ningejitungia Mungu, ningejitungia wa kunifaa mimi. Huyu ananitaka nimsamehe mtu aliyehamisha mpaka wa shamba langu. Nani angejitungia huyo?"

Athumani akacheka mpaka akakohoa. Nami nikapata nguvu ya kuuliza lile lililokuwa chini ya yote. Mdogo wetu, aliyezaliwa baada ya baba yako, alikufa kwa surua kabla hajaanza kutembea, na tulimwombea nyumba nzima. "Na yule, tata? Nani alitusikia?"

Babu hakuharakisha. "Sijui," akasema. "Nauliza mpaka leo. Ninachojua ni kwamba Yesu alilia akienda kwenye kaburi la rafiki yake, kisha yeye mwenyewe akazikwa. Mungu asiyelijua kaburi, mimi nisingeweza kumwamini tena baada ya kumzika mtoto yule."

Athumani akasema polepole, "Mimi nasema sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea." Hakuna aliyembishia. Kaburi la mtoto yule walilichimba pamoja, yeye na babu.

Sikuamini siku ile, mwanangu. Akitokea mtu wa kukusimulia kwamba nilipiga magoti palepale, usimsikilize, shangazi yako hana wepesi huo. Ilichukua muda. Nilisoma, nikauliza, nikachunguza habari za wale waliosema wamemwona Yesu akiwa hai baada ya kuzikwa, wasiyakane maneno hayo hata walipouawa. Lakini nilichunguza nikiwa nyumbani kwetu, nimeshiba, siogopi kufukuzwa.

Sasa nije kwako. Unasema mwenzako wa chumbani, Mwislamu, anakuuliza habari za Utatu, mwingine anazicheka dini zote, na mhadhiri anasema kila mtu ana ukweli wake. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuchanganya zaidi, maana anasikika mpole. Msikilize kwanza. Pengine ameona watu wakionewa kwa jina la ukweli, na hapo ana hoja ya haki. Kisha mwulize kwa adabu kama hilo analosema ni kweli kwa wote au kwake tu. Babu yako na Athumani wangeambiwa kwamba wote wawili wako sahihi, wangeona wametukanwa wote wawili. Walijua kwamba juu ya Yesu mmoja wao amekosea, kila mmoja akadhani ni mwenzake, na wakala sinia moja mpaka siku Athumani alipolibeba jeneza la babu.

Nasaha yangu ndiyo hiyo. Usimjibu mtu ambaye huwezi kuyasema mawazo yake mpaka akakubali. Usione haya kusema hujui. Imani yako itetee kwa sababu, si kwa kelele, na usimwaibishe mtu ili uonekane umeshinda, maana hatakaa nawe tena na hutakuwa na wa kumwambia. Na maswali yako yalete nyumbani.

Krismasi njoo. Baba yako nimemwambia, unisamehe, mdomo wangu unaujua. Aliinuka akaenda kumtazama mbuzi. Atakayemchinja ni mtoto wa Athumani, ameshapewa habari. Mlo wa kwanza utauombea wewe. Ukishindwa, sema umeshindwa, nami nitaomba badala yako kwa maneno ya babu yako. Mungu akulinde njiani, akupe akili isiyoogopa na moyo usiomdharau mtu. Ee Kyala, mwanangu anasema hawezi kuomba. Wewe msikie. Amina.