Siku Niliyopotea na Hajja Granada

Hajja alikuwa mama yake bosi. Aliletwa Riyadh kutoka Jeddah baada ya kuanguka bafuni na kuumia nyonga, akapewa chumba cha chini katika nyumba yetu ya Al-Naseem. Nasema yetu kwa mazoea tu. Tangu siku hiyo niliondolewa jikoni, nikawa wa kumwangalia yeye: kumwogesha, kumpaka mafuta miguu, kumshika mkono akienda kutawadha.

Hakuipenda Riyadh. Alikaa dirishani na ushungi wake mweupe, akitazama ukuta wa jirani na ule mti mmoja uliojaa vumbi.

"Mji huu una upepo," aliniambia, "lakini hauna hewa."

Mimi nilicheka, na nadhani ndipo aliponipenda. Wengine nyumbani mle walikuwa wakimjibu, "Utazoea, Mama."

Mwaka huo bosi aliamua kuwapeleka madam na mabinti zao wawili wadogo Uhispania. Hawakutaka kukaa mahali pamoja. Wangekodi gari na kutembea kutoka mji wa kale hadi mji mwingine wa kale, wakilala popote jua litakapowachwea. Hajja alitakiwa kubaki na dada wa bosi. Akasema haendi kwa dada wa bosi, anakwenda Uhispania.

"Na huyu binti anaenda na mimi," akasema, akininyooshea kidole. "Asipoenda, mafi safari, hakuna."

"Mama, viza yake itachukua muda."

"Halas. Nimeshasema."

Pasipoti yangu, iliyokuwa kabatini kwa bosi tangu nifike, ikatolewa ikaenda kuombewa viza. Ilirudi na picha yangu ambayo ndani yake naonekana kama mtu aliyeitwa ghafla. Nilimpigia mama yangu Bungoma kumwambia naenda Ulaya. Akauliza, "Huko nako utafanya kazi gani?" Nikamwambia ni ileile.

Tulipitia Jeddah, tukalala siku chache katika nyumba ya Hajja mwenyewe. Mle alikuwa mtu mwingine. Alitembea bila kushika ukuta, akafungua makabati, akanionyesha vikombe vya marehemu mumewe. Kisha tukapanda ndege, na kutoka hapo mambo yote katika kumbukumbu yangu yanakuwa na mwanga mmoja, mwanga wa asubuhi unaopita kwenye pazia jepesi.

Nakumbuka vilima. Bosi aliendesha, madam kando yake akisoma ramani kwenye simu, watoto katikati, mimi na Hajja kiti cha nyuma kabisa. Nje ilikuwa mizeituni, vilima na vilima vya mizeituni, iliyopandwa kwa mistari kama kichwa kilichosukwa na mtu mwenye subira. Gari likipanda, mistari inafunguka, likishuka, inajifunga. Hajja alilala begani kwangu, na sikuthubutu kujisogeza hata bega lilipokufa ganzi. Niliona mji mweupe juu ya jabali, nikafikiri ni theluji. Tulivuka daraja refu lililojengwa juu ya korongo, na ndege walikuwa wakiruka chini yetu. Mpaka leo sijui kama nimewahi kuona migongo ya ndege mahali pengine.

Cordoba tuliingia katika ule msikiti wa kale ambao ni kanisa, au kanisa ambalo ni msikiti. Kila mtu alikuwa akieleza kwa namna yake. Nguzo hazikuwa na mwisho. Hajja alipita akigusa nguzo moja moja kwa vidole, kama mama anayehesabu vichwa vya wanawe waliolala. Asubuhi yake tulikuwa mezani hotelini. Mhudumu alimuuliza kitu, na katikati ya maneno yake kukatokea neno "asúkar".

Hajja akafungua macho. "Amesema sukari?"

"Naona ndiyo, Hajja. Hata kwetu ni sukari."

"Basi mwambie alete nyingine kabla mwanangu hajashuka."

Daktari alikuwa amemkataza. Nilimletea kijiko kimoja, akaniangalia mpaka nikaongeza cha pili.

Granada ndiko tulikopotea. Bosi na madam waliwapeleka watoto kupumzika baada ya chakula cha mchana, na Hajja akasema hana usingizi, anataka kunyoosha miguu mtaani mbele ya hoteli. Madam alinitazama. "Hapo mlangoni tu," akasema. "Yalla, msichelewe." Simu yangu ilikuwa inachajiwa chumbani. Niliona haina haja, kwa sababu tulikuwa tunakwenda hapo mlangoni tu.

Mtaa ule ulikuwa wa zamani, ukipanda kilima, nyumba nyeupe zilizobanana na njia zilizotandikwa kokoto. Tulifika kwenye kona ya kwanza nikasema turudi. Hajja akaendelea. Kwenye kona ya pili alikata kulia bila kusita, kama mtu anayekwenda kwake.

"Hajja, tunakwenda wapi?"

"Huku ni karibu zaidi."

"Karibu na wapi?"

"Na kwa mjomba," akasema.

Alizaliwa Al-Balad, sehemu ya kale ya Jeddah, katika moja ya zile nyumba ndefu zenye roshani za mbao zinazoning'inia juu ya vichochoro. Nilikuwa nimezisikia hadithi za utoto wake nikimchua miguu. Sasa nilielewa kwamba yuko huko. Kivuli kilikuwa kilekile, pengine, na namna ukuta unavyokupoza upande mmoja wa uso. Yasmini ilikuwa imemwagika juu ya kuta. Ningeweza kumshika mkono nikamgeuza. Lakini alikuwa anatembea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, fimbo ikigonga kokoto, kichwa juu. Niliogopa kumwamsha, nami nilitaka kujua nyumba ya mjomba ni ipi.

Ilikuwa ya mlango wa buluu. Akagonga kwa fimbo.

Alifungua mwanamume mwenye rangi mikononi na kwenye ndevu, na nyuma yake niliona ua mdogo na ngazi iliyoegemezwa ukutani.

"Asalaam aleikum," Hajja akamwambia. "Mama yako yuko?"

Mtu yule akatutazama, yeye na mimi, akainamisha kichwa kwa adabu na kusema kitu kirefu kwa lugha yake. Kisha akaingia ndani, akarudi na bilauri mbili za maji na kiti. Hajja alikaa pale kizingitini, akanywa, akamshukuru, akamwombea dua yeye na uzao wake. Mtu yule akaweka kiganja kifuani. Tulipoondoka alibaki mlangoni akitupungia.

"Amekua sana," Hajja akasema.

Tulipanda tena. Sasa nilikuwa na wasiwasi, maana kila kichochoro kilifanana na kile tulichotoka na jua lilikuwa limeanza kulala kwenye mapaa. Hajja alianza kuhema. Nikatafuta mahali pa kumkalisha. Mlango mkubwa pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa kanisa.

Nilisimama. Tangu niondoke Kenya sikuwa nimekanyaga kanisani, na Riyadh nilisali nikiwa nimelala, shuka usoni, bila kutoa sauti. Hapa sasa mlango uko wazi na nimemshika mkono mama yake bosi, kafili wangu aliyenidhamini. Akiudhika? Akimwambia mwanawe?

"Kuna nini ndani?" Hajja akauliza.

"Ni kanisa, Hajja."

"Nimeona ni kanisa. Nimekuuliza, kuna viti?"

"Viti vipo."

"Basi ingia."

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya nta. Mbele, karibu na altare, watu kama kumi hivi, wengi wao akina mama wa makamo, walikuwa wakifanya mazoezi ya kuimba, na mwanamke mmoja mwenye miwani akiwaongoza kwa kalamu. Tulikaa kiti cha nyuma. Walianza, wakakosea, wakacheka, wakaanza upya.

Maneno sikuyajua. Wimbo niliujua. Tuliuimba kwetu kwa Kiswahili, chini ya mabati, mvua ya saa kumi ikiwa juu yetu, mimi nikiwa katika sauti ya pili. Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Mwanzo nilifuata sauti tu, bila maneno. Kisha niliimba kweli, kwa maneno yangu, polepole, nikishuka pale wao walipopanda. Mwanamke wa miwani aligeuza kichwa, hakusimamisha kalamu. Akanionyesha kwa kidevu: endelea. Nilikuwa nalia, naona, kwa sababu ushungi wangu ulilowa hapa chini ya kidevu.

Ulipokwisha, Hajja alikuwa ananitazama. Alikuwa amerudi. Macho yake yalikuwa ya leo.

"Nilikuwa sijui una sauti," akasema.

"Hujawahi kuniuliza, Hajja."

"Nakuuliza sasa. Kwenu ulikuwa unaimba hivi?"

"Kila Jumapili."

"Na kwetu?"

Nikafuta kidevu kwa ncha ya ushungi. Akaitazama fimbo yake, akaizungusha kidogo mkononi.

"Mume wangu alikuwa anaimba," akasema. "Bafuni. Nilikuwa namkemea." Baadaye akaongeza, "Waambie waimbe tena."

Waliimba tena, nami nikaimba nao, na Hajja akagonga mwendo polepole sakafuni kwa ncha ya fimbo, mara nyingine akiwatangulia.

Aliyetuokoa ni yule mwanamke wa miwani. Alikuja kutusalimu, akaona kwamba hatuna lugha, akafanya ishara ya kulala kwa viganja viwili shavuni. Hajja akapekua mkoba wake, akatoa kadi ya mlango wa hoteli. Mwanamke akaisoma, akashika kichwa, akacheka: tulikuwa tumepanda kilima kizima. Akamshika Hajja mkono mmoja, mimi mwingine, tukashuka wote watatu taratibu. Njiani aliimba kipande cha sauti ya juu, akaninyamazia ili nijaze ya pili. Nikajaza. Watu waliokuwa wamekaa barazani walitutazama.

Bosi alikuwa mbele ya hoteli, simu mbili mkononi. Madam alikuwa amekaa kwenye ngazi, na alipotuona alisimama na viatu mkononi.

"Mlikuwa wapi?" Sauti ilimpasuka. "Nimekwambia hapo mlangoni! Nimezunguka mtaa mzima nikiita kama mwendawazimu!"

"Pole, madam."

"Pole? Angeanguka? Angeanguka tena?"

"Mimi ndiye niliyempeleka," Hajja akasema. "Yeye alinifuata tu. Sasa mtamsimanga nani?"

"Ulimpeleka wapi, Mama?" bosi akauliza.

"Kupumzika."

Alisema hivyo tu, akaomba chai. Kuhusu kanisa hakusema, wala mimi. Madam alimkumbatia, akalia shingoni mwake, nami nikaingia ndani nikijua safari yangu imekwisha. Lakini jioni ile madam alikuja mlangoni kwangu na plasta na beseni la maji ya moto, kwa sababu aliona nachechemea. Hakuomba radhi. Aliliweka beseni chini, akaondoka, akarudi na chumvi.

Tuliporudi Saudia, Hajja alikataa kupanda ndege ya Riyadh. Alikaa kwenye kiti uwanjani Jeddah, akamwambia mwanawe amechoka na ukuta wa jirani, anabaki kwake, na binti anabaki naye. Bosi alibishana kidogo, kisha akatupandisha teksi.

Ndipo nilipo hadi leo. Ijumaa mchana Hajja hunipa ruhusa niende Al-Mahjar, ambako wanawake wenzangu kutoka nyumbani wamepanga chumba. Tunapika ugali na sukuma, tunasukana, tukishashiba tunafunga dirisha na kuimba kidogo. Nikirudi huniuliza, "Mmekula nini?" na si jambo lingine.

Wageni wake wakija, huwasimulia Uhispania. Daraja huliweka Granada na mizeituni huipanda ndani ya Cordoba, na mtu wa mlango wa buluu kwa hadithi yake alizungumza Kiarabu safi. Juzi niliingia na sinia la kahawa nikamsikia akimwambia jirani, "Tuliingia mahali pazuri, mimi na huyu binti yangu, tukaimba mpaka jua likazama."

"Wewe, Hajja, uliimba?" jirani akashangaa.

"Niliimba," akasema, akachukua kikombe chake. "Muulize."

Jirani akanigeukia. Nikasema ndiyo, aliimba, na nikamimina kahawa.