Fundi Ambokile na Msingi wa Magotini

Fundi Ambokile wa Kawetele ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini hakuna nyumba yake iliyokuwa imepasuka. Mali yake ilikuwa hiyo tu, jina. Mimi nilisomea ujenzi mwaka mmoja na nusu, chuo kikanichoka. Msingi nilikuja kuuelewa kwake. Nyumba ni mzigo, alikuwa anasema, na kazi ya msingi ni kuufikisha mzigo kwenye udongo unaoweza kuubeba. Ukiutua kwenye udongo laini, kila pembe itazama kwa wakati wake.

Mwaka juzi akaitwa na Hosea, mtoto wetu wa Dar es Salaam. Mama yake, Bibi Tupokigwe, alikuwa mahututi, na Hosea alikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa: watu wa ofisini kwake waje msibani wakute nyumba ya udongo? Akataka mpya, haraka, kwenye shamba la zamani la migomba kando ya barabara, ionekane. Mama bado anakunywa uji, msiba wake tayari una ramani.

Ambokile akachomeka nondo kwenye ule udongo mweusi, miaka arobaini ya samadi na majani ya migomba. Ikazama kwa mkono mmoja.

"Hapa tunachimba mpaka udongo mwekundu," akasema. "Kina cha kifuani."

"Kifuani? Fundi, unachimba msingi au kaburi?"

"Kaburi halibebi ukuta, mwanangu."

"Msingi nani atauona? Ishia magotini, tuwahi kwenye bati."

Ambokile akaokota sururu yake aondoke. Ndipo Bibi Tupokigwe, aliyekuwa amejifunika blanketi kibarazani, akamwita. Wameimba kwaya moja tangu ujana.

"Ambokile, nijengee hivyo hivyo. Nilale chini ya bati jipya hata wiki moja."

Akarudi. Akaishia magotini. Kosa ni lake, na analijua.

Wiki saba nyumba ikasimama: bati la kisasa la msauzi, madirisha ya aluminiamu, wapita njia wanapunguza mwendo. Mama naye akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ramani. Akapona.

Mvua za Tukuyu mnazijua. Maji ya paa yakawa yanamwagika chini ya ukuta, udongo wa migomba ukageuka uji, pembe ya barabarani ikazama. Ufa ukapanda kutoka chini ya dirisha hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, unaingiza kiganja. Mama akarudi kwenye nyumba yake ya udongo, ambayo marehemu mumewe aliichimbia msingi mpaka udongo mwekundu. Haina hata mchubuko.

Hosea akapiga picha ya ufa, akaitupa kwenye grupu la ukoo: "Kazi ya Ambokile hiyo. Msimpe nyumba zenu."

Ambokile akamfuata mama baada ya ibada. "Mama Hosea, wewe ulikuwepo. Si uwaambie nilivyosema?"

Bibi Tupokigwe akatikisa kichwa. "Nimwaibishe mwanangu, Ambokile? Ndiye atakayenizika."

Tangu siku hiyo hajaitwa kujenga hata choo. Anaitwa kwenye misiba, kuchimba makaburi, bure kama wanaume wengine. Huko anafika mpaka udongo mwekundu, na hakuna anayemwambia aishie magotini.