Maji ya Sukari kwa Ndama wa Bi Raya

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo wa Wilaya hakunipa hata kiti. Alinitupia mabuti, akanipakia nyuma ya pikipiki, tukashika njia ya Kengeja.

"Leo tutajua umesoma au umekariri," akaniambia.

Tulimkuta Bi Raya uani, kampakata ndama jike aliyezaliwa juzi. Anaharisha maji matupu, masikio ya baridi, kusimama hawezi. Mama yake ndama alikuwa ng'ombe kizee, hatazaa tena. Huyu akifa, zizi la Bi Raya limekwisha.

"Amenyonya?" Bwana Mifugo akauliza.

"Namnywesha maji ya sukari, mwanangu. Dang'a nilikamua lote, nikapika, nikawapelekea majirani."

Nyinyi mnaoanza kazi hii, sikilizeni. Ndivyo tulivyolelewa: maziwa yale ya kwanza, mazito ya manjano, hupikwa yakaganda, na jirani akapata. Lakini ndama mchanga ana tumboni mwake kimeng'enya, yaani kitu cha kuvunjavunja chakula, cha sukari ya maziwa tu. Sukari ya dukani hana cha kuivunjia. Inashuka utumboni nzima nzima, inavuta maji, inamharisha, na damu yake inabaki bila nguvu.

Bwana Mifugo alipomweleza hayo, Bi Raya alikasirika. "Wanangu wote niliwarambisha sukari. Leo mwaniambia nimemuua ndama wangu?"

"Hajafa, Bi. Ila ukimpa tena, atakufa."

Tulikoroga glukosi na chumvi kidogo katika maji ya uvuguvugu. Glukosi ni sukari iliyokwisha vunjwa, hupita moja kwa moja damuni. Tukampa kwa chupa, polepole asipaliwe. Kisha nikaamriwa kumkamua mama yake, ndama apate maziwa. Niliogopa, sifichi; nilimwaga zaidi ya nilichokinga.

"Kamua, wewe! Unamngoja nani?" Bwana Mifugo akanifokea.

Kila ndama akifumba macho, Bi Raya alimsugua kwa gunia. Adhuhuri ikapita. Alasiri ndama akainua kichwa, akanyonya kidole changu kwa nguvu. Bi Raya akalia, na mimi nikalia, Bwana Mifugo akajitia kufunga mkoba.

Baadaye nilihamishwa Micheweni, kisha Wesha kukagua ng'ombe wanaoshushwa bandarini. Mabwana Mifugo niliwapata wakali na wapole, lakini hofu ya siku ile haikurudi tena.

Nilipostaafu, Bi Raya alinijia na mkongojo wake, mkononi bakuli la dang'a. Ng'ombe wa uzao wa ndama yule alikuwa kazaa. Nikalitazama bakuli, nikasita kulipokea.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ndama kashiba kwanza."